Taka za Nailoni Ziwe Somo Singida

Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, marufuku hayo hayakugusa vifungashio vya viwandani, wala hayakuweza kuokota kile kilichokwisha kutupwa. Katika mkoa wenye upepo kama Singida, nailoni haikai ilipotupwa. Hunasa kwenye miiba na kwenye malisho, na mbuzi akiimeza hawezi kuisaga.

Sisi tunapendekeza jambo ambalo huenda baadhi ya maofisa wakalicheka: shule za mkoa huo ziokote nailoni hiyo na kuunda sanamu kubwa za kujazwa hewa.

Jambo lenyewe limekwisha kufanyika kwingine. Mwaka 2007 msanii wa Argentina, Tomás Saraceno, na wenzake walianzisha kazi iitwayo Museo Aero Solar. Wakazi hukusanya mifuko iliyotumika, huipasua na kuiunganisha kwa utepe wa gundi, hadi upatikane mfuko mmoja ambao watu huweza kuingia ndani yake. Jua likiipasha moto hewa iliyomo, mfuko huinuka bila moto wala gesi. Jirani zetu wa Lamu nao, mwaka 2018, walizindua jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa kandambili kuukuu. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Mwalimu asiye na maabara atapata hapa somo zima. Mchemraba wa mita 1 kila upande unahitaji nailoni mita za mraba 6, nao unabeba hewa mita 1 ya ujazo. Mchemraba wa mita 5 unahitaji nailoni mita za mraba 150, lakini unabeba hewa mita 125 za ujazo. Uzito wa nailoni umeongezeka mara 25, hewa mara 125. Ndiyo sababu sanamu ndogo haiinuki, na kubwa huinuka. Mwanafunzi aliyeona hivyo uwanjani hatahitaji kukariri.

Vifaa si vya anasa. Pasi ya mkaa isiyo kali huunganisha nailoni mbili, ikipitishwa juu ya karatasi, mahali penye hewa ya kutosha. (Hata gazeti hili, likishasomwa, linafaa kwa kazi hiyo.) Mifuko ya mbolea na ya dawa za mimea isiguswe kabisa. Sanamu ifungwe kamba imara, ijazwe asubuhi jua likiwa limetoka na upepo haujashika nguvu. Iwe alizeti, au kuku wa kienyeji aliyeupa mkoa huo sifa hadi Dar es Salaam. Hilo wanafunzi waamue wenyewe.

Lakini tunatahadharisha mapema. Sanamu hizi zisigeuzwe mapambo ya kupokelea wageni wa serikali, kisha zikaachwa zichanwe na upepo na kurudi malishoni. Itakuwa aibu pia mzazi akitozwa mchango wa kununua nailoni mpya dukani. Kila halmashauri iamue, kabla shule haijaanza kazi, ni nani atakayeipokea nailoni hiyo sanamu ikichakaa, na ni siku gani gari la taka litafika shuleni kuichukua.