Kisiwa Kina Wenyewe

Msafiri atokaye Tunduma huvuka karibu nchi nzima, akapanda chombo Nyamisati, ndipo afike Kilindoni, kisiwani Mafia. Huenda kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hukaribia pwani kati ya Oktoba na Machi. Huenda kuoga baharini na kuwatazama popo wakubwa wa Chole. Ni haki yake. Uumbaji haukutolewa kwa wenye fedha za kigeni peke yao.

Tunachopinga ni lugha ya matangazo inayokiita kisiwa hicho paradiso isiyoguswa. Isiyoguswa na nani? Kisiwani Juani yamesimama magofu ya mji wa Kua, ulioangamizwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Watu wamevua katika maji hayo kwa karne nyingi. Anayesema leo kwamba kisiwa ni kitupu, kesho atawaita wenyeji wavamizi.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994. Sababu ilikuwa ya kweli: baruti ziliteketeza matumbawe, na mvuvi wa baruti hatumtetei hata kidogo, kwani anawaibia wanawe mwenyewe. Lakini sheria hiyohiyo inataka wanavijiji washirikishwe katika kupanga na kusimamia, wapate sehemu ya manufaa, tena wapewe kipaumbele katika kutumia rasilimali. Je, kipaumbele hicho ki wapi? Mvuvi aliyekatazwa juya lake leo hawezi kuwalisha watoto kwa ahadi ya nyavu za kesho. Upinzani uliojitokeza Jibondo ulikuwa sauti ya watu waliotaka kusikilizwa, wala si ukaidi. Wavuvi wetu wa Ziwa Rukwa hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Nasi wa Songwe tunao wageni wajao kukitazama kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa tani 12 hivi. Hatupendi wakione chuma, wasituone watu.

Kwa hiyo, ndugu uendaye Mafia: lipa kiingilio cha hifadhi, udai stakabadhi, lala penye kazi kwa vijana wa kisiwani. Kisha waulize viongozi wa kijiji cha Chole au Jibondo ni kiasi gani kiliwafikia mwaka jana. Jibu lao utuletee hapa parokiani.