Hakuna Mzee Aliyezoea Baridi

Kuna sentensi moja nataka mwaka huu tuizike hapa Dzaleka, na tusirudi kuifukua. Ni hii: "Wazee wamezoea." Wamezoea baridi, wamezoea moshi, wamezoea kulala chini. Naisikia kwenye foleni ya maji. Naisikia kwenye mikutano yetu ya vijana. Nimeisikia kwa watu wa ofisi waliovaa jaketi nzito. Na nimeisikia ikitoka mdomoni mwangu mwenyewe, ndiyo maana naandika.

Ninyi mnaosoma mkiwa Nyarugusu au Kakuma mnaweza kucheka: baridi gani hiyo, Afrika hii? Njooni Juni. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, juu kwenye uwanda wa kati wa Malawi, si mbali na Lilongwe. Usiku wa Julai joto hushuka mpaka karibu nyuzi 8, na nyumba nyingi hapa ni matofali ya udongo, juu nyasi na hema la plastiki. Shuleni tulifundishwa kwamba majira haya yanaitwa kipupwe, jina zuri kabisa. Wenyeji wana jina la ule upepo unaoleta mawingu na manyunyu: chiperoni, kutokana na mlima ulioko upande wa Msumbiji. Sisi wengine tunasema tu "baridi", na kila mtu anaelewa.

Lakini sitaki kuongea juu ya Juni na Julai. Miezi hiyo kila mtu anakumbuka kwamba kuna baridi, sababu kila mtu anatetemeka. Nataka kuongea juu ya Agosti, na wiki zile za mwanzo wa Septemba, wakati sisi vijana tumeshasema "imeisha".

Sisi tunajuaje kama imeisha? Tunacheza mpira saa tisa mchana na jasho linatoka. Basi, imeisha. Wauza kaunjika sokoni wanafungasha makoti na sweta, wanatandika fulana. Majina ya kupewa blanketi yameshafungwa zamani. Lakini saa tisa ya usiku ni kitu kingine. Upepo wa Agosti unaingia chini ya mlango, unainua plastiki ya paa na kuipiga-piga mpaka asubuhi. Kijana amejikunja, analala. Mzee yuko macho tangu saa nane.

Angalia siku ya mzee mwezi huo. Jua likitoka, anatoka nje na kigoda, anakaa kwenye ukuta wa upande wa mashariki. Jua likisogea, naye anasogea. Saa sita yuko mbele ya nyumba, saa kumi yuko upande wa magharibi. Ukipita unasema, "Shikamoo nyanya, unapumzika?" Anaitika marahaba. Lakini hapumziki. Anakusanya joto la usiku ule, kama mtu anayekinga maji ya mvua. Na mikononi ana ungo wa maharage, mgongoni ana mjukuu, na jicho moja liko kwenye mlango wako wewe uliyekwenda zako. Nyumba zetu zinalindwa na wazee, watoto wetu wanalelewa na wazee, moto wa jioni unapulizwa na wazee. Hiyo yote tunaiita kupumzika.

Sasa nieleze ya kwetu.

Nyanya yangu anatoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Huko usiku watu wanatafuta upepo, hawaukimbii. Alipofika hapa alikuwa hajui sweta ni nini. Kwa hiyo, yeyote anayesema amezoea, aniambie alizoea wapi. Hata wale waliotoka milimani, Minembwe na kule juu, baridi yao waliishi nayo kwa namna yake: nyumba yenye moto katikati, maziwa ya moto, na watu wa nyumbani wamejaa. Hapa mtu ana blanketi moja, na mbabula ya makaa ya kununua.

Mwaka 2023 serikali iliporudisha kambini wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini, sisi tulimpokea mjomba na watoto wake. Huwezi kumfungia ndugu mlango. Kambi hii ilipangwa kwa watu kama 10,000 au 12,000, leo inabeba zaidi ya 50,000, na kila nyumba ilifanya hesabu yake. Hesabu ya kwetu ilikuwa hivi: mjomba na mke wake chumba cha ndani, watoto pembeni, mimi karibu na ukuta, nyanya chumba cha mbele karibu na mlango. Hakuna aliyeshauriana sana. Nyanya mwenyewe alisema, "Mimi niwekeni popote, nimezoea." Tukamshukuru. Kumbe tulikuwa tumempa mzee wetu mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba, na juu yake tukamsifu kwa moyo mzuri.

Agosti mwaka uliofuata, mimi na wenzangu tulikuwa tunaandaa Siku ya Vijana, tarehe 12. Jioni moja natoka, nyanya akaniambia, "Leo kuna upepo." Nikamjibu nikiwa nafunga kamba za viatu, "Si umezoea, nyanya." Nikaenda. Mkutano ulikuwa mrefu, tulijadili fulana ziwe na rangi gani.

Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa na kitambaa kimesukumwa chini yake. Nilisukuma kwa bega. Ndani palikuwa na joto zuri, hakuna moshi, mbabula iko katikati ya chumba na makaa mekundu. Nyanya alikuwa amelala upande, anaongea na mtu ambaye hayupo. Mjomba na watu wake walikuwa kwenye maombi ya usiku, Mungu aliwatoa. Nilimvuta mpaka nje, akatapika, akalalamika kichwa kinapasuka. Alipona. Wengine hawaponi.

Sikiliza vizuri hapa, hata kama mengine utayasahau. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inakaa kwenye damu mahali pa hewa safi, na mtu anasinzia bila kujua kwamba anakufa. Mbabula yenye moshi angalau inakukohoza, unatoka. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayakuonyi. Mwanamke mmoja jirani aliniambia usiku ule ule, kwa wema kabisa, "Usihofu, wazee wamezoea moshi." Hakuna damu iliyozoea gesi hiyo, ya mzee wala ya mtoto.

Asubuhi nilimuuliza nyanya kwa nini hakuniambia kwamba baridi inamtesa. Alisema, "Nilikuambia kuna upepo."

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya namna wazee wanavyoongea. Mzee wetu hasemi "naumwa, nisaidieni". Malezi yake hayamruhusu. Anasema "kuna upepo". Anasema "msijali". Anasema "nimezoea". Hiyo ni heshima anayokupa wewe, usijione mkosaji na mikono yako mitupu. Sisi tunaipokea heshima ile na kuigeuza taarifa. Tunaiandika kabisa kwenye ripoti: wazee wamezoea.

Ukweli wa mwili ni kinyume. Mwili ukizeeka, ngozi inakuwa nyembamba, damu inazunguka polepole, kutetemeka kunakoleta joto kunapungua, na mara nyingi mzee hajisikii kwamba amepoa mpaka amepoa sana. Baridi inapandisha presha. Viungo vinakaza. Yaani kila mwaka unaopita, mzee anaizoea baridi kidogo zaidi ya mwaka uliotangulia: anaizoea kwa kushindwa nayo. Kama kuna mtu wa kukaa karibu na mlango, ni mimi mwenye miaka ishirini na kitu.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema: sisi vijana hatuna kazi, hatuna ruhusa ya kutoka kutafuta, hela ya chakula inapunguzwa, tutawasaidiaje wazee? Ndugu yangu, nakuelewa, niko na wewe kwenye foleni hiyo hiyo. Lakini kubadilisha mahali pa kulala kunagharimu kwacha ngapi? Kuchanganya udongo na kuziba tundu la ukuta kunagharimu ngapi? Tuna saa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Tunazikaa kwenye kona tukilalamika kwamba hatuna kitu cha kufanya, na mita ishirini kutoka kwenye kona ile kuna baba mzee anayesukuma plastiki ya paa kwa fimbo.

Wa pili watasema: hiyo ni kazi ya mashirika. Sawa, na mashirika nayo nina neno nayo. Nani alisema baridi inaisha siku orodha inapofungwa? Na kwa nini mzee wa miaka 75 apange foleni alfajiri, kwenye upepo, ili athibitishe kwamba baridi inamuumiza? Aliyekuja hapa kambi ilipofunguliwa mwaka 1994 akiwa na miaka 40, leo amepita 70. Kambi imezeesha watu, lakini mipango yake bado inaandikwa kama vile wote tulifika jana tukiwa na nguvu. Wafuateni nyumbani. Muingie ndani, mguse ukuta, muulize kitanda kiko wapi.

Lakini sitajificha nyuma ya mashirika, sababu mimi nakula kwa neno "vijana". Posho yangu ndogo inatoka hapo. Kila mradi unaokuja ni vijana: ngoma za vijana, kompyuta za vijana, uongozi wa vijana. Sikatai, mimi mwenyewe nimesaidika. Ila tazameni kalenda yetu. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, wazee tunawaweka viti vya mbele kwenye upepo ili wapigwe picha. Tarehe 12 Agosti ni ya vijana, wazee wako nyumbani na watoto wetu. Siku ya Wazee ni tarehe 1 Oktoba, na hapa mwezi huo jua linachoma mpaka unatafuta mti. Tunawakumbuka wakati hawatuhitaji. Halafu kila mkutano tunaufungua kwa methali, penye wazee haliharibiki neno. Neno haliharibiki, mzee ndiye anaharibika.

Basi nasema mambo ambayo kikundi chetu kimekubali kuanza nayo, na vikundi vingine vichukue.

Kwanza, kabla Mei haijaisha, kila kikundi kichukue njia zake na kipite nyumba kwa nyumba. Tundu la ukuta lizibwe kwa udongo. Plastiki ya paa ifungwe upya na kuwekewa mawe. Chini ya mlango iwekwe kizuizi cha matope au cha mbao.

Pili, kitanda cha mzee kitoke mlangoni. Hilo ni la familia, na litaleta maneno, najua. Kwetu lilileta maneno wiki nzima. Leo mimi nalala mlangoni na sijafa. Kama hakuna kitanda, weka nyasi kavu na katoni chini ya mkeka, sababu baridi ya ardhini inapanda usiku kucha.

Tatu, mbabula isilale ndani. Washa nje, pikia nje, chemsha maji. Jaza maji ya moto kwenye kidumu kigumu kisichovuja, kifunge vizuri, kizungushie kitenge, kiwekwe miguuni pa mzee. Joto lile linakaa saa nyingi na haliui mtu.

Nne, tusiache Julai. Tupite tena Agosti, na tena Septemba inapoanza. Tusimwulize mzee "unasikia baridi?" sababu jibu tunalijua. Tumshike mkono. Mkono ukiwa wa baridi saa nne asubuhi, hapo kuna kazi.

Tano, mzee akisema "kuna upepo", kaa chini. Mkutano utasubiri.

Mwaka huu kikundi chetu tumeandika nyumba kumi na nane kwenye daftari. Ni chache mno kwa kambi kama hii. Katika nyumba ya tano tulimkuta mama mmoja mzee ambaye wajukuu zake wanamwita agogo, kwa Kichewa cha shuleni. Tuliziba ukuta wake siku moja na nusu. Tulipomaliza alituambia hakukuwa na haja ya kujisumbua, yeye amezoea. Mwenzangu mmoja, mwenye miaka kumi na saba, akamjibu, "Sisi hatujazoea kukuona hivi, agogo." Yule mama alinyamaza kidogo, halafu akatuonyesha tundu lingine nyuma ya kitanda, ambalo alikuwa hajalisema.