Nani Atamfundisha?
Kila Aprili mashabiki wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hutoana macho: timu yetu imchukue kijana gani kutoka vyuoni? Utasikia urefu wake, mbio zake za yadi 40, hata ukubwa wa kiganja, jamani! Kuhusu kocha atakayempokea, kimya.

Mimi nasomea ualimu, na hapo ndipo siwaelewi. Mwaka 2018 Cleveland Browns walimchagua Baker Mayfield, wa kwanza kabisa. New York Jets wakamchukua Sam Darnold, wa tatu. Wote makwotabeki, yaani wale warusha mpira wanaoongoza mashambulizi. Mayfield alianza msimu ule na kocha mmoja, akaumaliza na mwingine. Darnold alipewa makocha wakuu wawili ndani ya miaka mitatu. Timu zote mbili zikaachana nao, watu wakasema hawa vijana bure kabisa.

Haya, 2024 Darnold akiwa Minnesota Vikings alishinda mechi 14 kati ya 17, na Mayfield akaifikisha Tampa Bay Buccaneers hatua ya mtoano. Vijana ni walewale. Mwanafunzi akibadilishiwa mwalimu katikati ya muhula halafu akafeli, utamfukuza yeye?