Nani Humwondoa Meya?

Wako wasomi wasemao kwamba historia ya mameya wa Dar es Salaam ni habari ya kutoka Mwingereza na kuingia Mwafrika. Usemi huo ni nusu ya habari. Ni kweli, mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Nasi watu wa fasihi twapenda kumtaja, maana si miji mingi iliyopata kuongozwa na mshairi.

Walakini swali kubwa si nani aliyekikalia kiti, bali nani aliyekiondoa. Siasa ya Madaraka Mikoani, iliyoanza mwaka 1972, ilizifuta halmashauri za miji. Zikarudi mwaka 1978. Mwaka 1996 Serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji ikaweka Tume, nayo ikadumu hata mwaka 2000. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Mara tatu, chini ya Marais watatu, katika siku za chama kimoja na za vyama vingi!

Watetezi hujibu kwamba mtumishi mbovu sharti aondolewe, na kwamba mwaka 1996 taka zilikuwa zimejaa mitaani. Naam, na aondolewe. Lakini na mwenye mji. Mkazi wa Temeke hakumpigia meya kura, kwa kuwa meya huchaguliwa na madiwani. Wala hakuulizwa neno siku kiti chenyewe kilipobebwa.