Spoku Haina Kazi Kinywani mwa Mtoto

Wazazi wenzangu, nanyi wanangu wa darasani,

Jumamosi moja baada ya kipindi, mama mmoja alinivuta pembeni. Ameniruhusu niandike haya. Mtoto wake wa miezi 7 alikuwa na homa na anaharisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hapa Troyeville hakuna anayejua kutoa meno ya plastiki?"

Sikumcheka. Jambo hili nimelikuta nyumbani Tanzania, na wenzetu wa Uganda huliita ebinyo. Mtoto akiugua, hufunuliwa mdomo. Kikionekana kivimbe cheupe kwenye ufizi, husemwa ndicho kinachomuumiza. Huitwa fundi wa mtaani na vifaa vyake: spoku ya baiskeli iliyonolewa, kisu, wembe, hata ukucha.

Mimi ni muuguzi. Kivimbe kile si plastiki wala mdudu. Ni jino la utoto, mara nyingi chonge, linalosubiri zamu yake chini ya ufizi. Likichokolewa, mtoto anaweza kupoteza damu nyingi au kupata pepopunda. Hata jino la ukubwani linaweza kuota kombo, au lisiote kabisa. Na kuharisha kuko palepale.

Shule yetu ipo ili watoto wasisahau ya kwetu. Lugha tuibebe. Heshima tuibebe. Pilau tuibebe. Spoku tuiache.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Usiogope gharama. Tangu 1994, watoto walio chini ya miaka 6 hutibiwa bure katika vituo vya serikali hapa Afrika Kusini. Mwaka 2023 Mahakama Kuu hapa Johannesburg ilisema haki hiyo ni ya watoto wa wageni pia, hata wasio na karatasi.

Yule mama tulikwenda naye hospitali jioni ileile. Mtoto hajambo, na meno yake yote yapo, yanasubiri kuota.

Nanyi wanangu wa miaka 6 na 7, jino lenu likilegea, lisukumeni kwa ulimi mpaka liwe tayari. Kifaa chake ni kidole kilichonawishwa kwa sabuni. Sisi tulilirusha juu ya paa. Ninyi mnaokaa ghorofani, ulizeni bibi kwenye simu mfanyeje.