UCHAWI WA KITABUNI NA LIMBWATA LA JIKONI



Ndugu zangu katika imani. Ujumbe umezunguka sana kwenye simu zetu: vitabu vya Harry Potter ni vya kishetani, vichomwe, na mtoto atakayeonekana navyo achapwe. Kila anayeniletea namuuliza swali moja: wewe umekisoma? Kimya.

Mimi nimekisoma cha sita, Harry Potter and the Half-Blood Prince, alichokitoa J.K. Rowling mwaka 2005, kurasa zaidi ya 600. Nimekisoma kwa sababu kuhukumu usichokijua ni kusema bila elimu, na hilo nalo tutaulizwa.

Kwanza tuliweke sawa lisilo na mjadala. Sihri ni haramu. Mtume (s.a.w.) ameitaja katika mambo saba yenye kuangamiza, mara tu baada ya shirki, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kitabu hiki kinaifanya sihri kuwa somo la darasani kama hesabu. Hiyo ni kasoro, na mtoto lazima aambiwe. Anayesema "ni hadithi tu" ajue kuwa hadithi hufundisha.

Basi tazameni kinachofundishwa humo.

Yumo mwanamke aitwaye Merope, aliyempenda kijana tajiri asiyemtaka. Mwalimu mkuu anamweleza Harry anavyodhani mambo yalikwenda: mwanamke alimnywesha kijana limbwata, wakatoroka, wakaoana. Baadaye akaacha kumpa, akitumai kuwa sasa anapendwa kweli. Mume akazindukana, akaondoka, akamwacha na mimba. Merope akajifungulia kwenye nyumba ya mayatima London, akafa muda mfupi baadaye. Mtoto aliyezaliwa ndiye Voldemort, muuaji wa kisa kizima.

Haya, nani kati yetu amewahi kuwaeleza mabinti zake mwisho wa limbwata waziwazi namna hiyo? Tunaona haya kulitaja, na huku linapikwa majumbani mwetu! Mama anasambaza onyo la Harry Potter, na ndani ya mkoba wake mna unga wa kutia kwenye chai ya mume. Baba anamnyang'anya binti kitabu, na duka lake mwenyewe amelizindika. Mganga akivaa kanzu na kushika tasbihi anaitwa shekhe. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Mas'ud iliyopokewa na Abu Dawud, ameitaja tiwala kuwa ni shirki. Na tiwala ni nini? Ndiyo hiyo dawa ya kumfanya mume ampende mke. Mnaogopa uchawi wa kwenye karatasi, wa kwenye kikombe mnaukoroga wenyewe.

La pili ni zito zaidi. Harry anapata kitabu kikuukuu kilichojaa maandishi ya mkono pembezoni. Aliyeandika hajulikani. Harry anayafuata, anasifiwa darasani, anaghururika. Rafiki yake Hermione anamwonya, hasikii. Siku moja, katika ugomvi, anatamka neno alilolikuta humo bila kujua linafanya nini. Kijana mwenzake, Draco, anapasuka usoni na kifuani, damu inatapakaa, nusura afe.

Ndugu zangu, hao si ndio sisi? Unaletewa "dua" kwenye WhatsApp: isome mara kadhaa usiku wa manane, adui ataanguka. Nani ameiandika? Hujui. Maneno yake yana maana gani? Hujui. Ndani yake mna majina yasiyojulikana kama ni ya malaika au ya majini, na unayasoma! Wanazuoni wamesharutisha kuwa ruqya iwe kwa maneno ya Allah au majina Yake na sifa Zake, iwe kwa maneno yanayofahamika maana, na mtu aamini kuwa haiponyeshi kwa nafsi yake ila kwa idhini ya Allah. Na Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, alihimiza mtu aangalie anaichukua dini yake kwa nani. Leo tunaichukua kwa namba ya simu tusiyoijua.

Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: mzazi mwenye kuchoma kitabu na kuacha hirizi za talasimu nyumbani hajapiga vita uchawi. Amemfundisha mwanawe unafiki, na mtoto anaona.

Ukiona hakimfai mwanao, mwondolee, hiyo ni haki yako na ni amana yako. Lakini kaa naye kwanza. Muulize: Merope alipata alichokitafuta? Harry alimwamini nani, na kwa nini? Kisha mfungulie Suratul Baqara, aya ya 102, msome pamoja habari ya waliojifunza cha kumtenganisha mtu na mkewe. Halafu inuka, toa kilicho chini ya mto, kilicho juu ya mlango na kilicho kiunoni mwa mtoto. Anza na hivyo.

Na ujumbe huu usiusambaze kabla hujausoma mpaka mwisho.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.