Baa ya zamani si ya walevi peke yao

Vijana wenzangu mlioko Nairobi, mbona tukipita kwenye baa ya zamani huko Kayole ama Githurai tunaongeza mwendo? Wengi husema ni pa walevi. Mimi sikubali.

Pale kuna bucha mbele na jiko la makaa nyuma. Unachagua nyama, inapimwa kwa kilo, halafu unangoja. Kungoja ndiko kunaleta maneno: mzee wa meza ya pili atakuuliza unatoka wapi. Nyama ikiiva inakatwa kwenye ubao mmoja, na ugali na kachumbari, mnakula kwa mkono. Hakuna ubao wa mkimbizi na ubao wa mwenyeji. Na si mambo mageni kwetu: Wakongomani tuna nganda, Warundi wana kabare na brosheti zao.

Najua pesa ni shida. Lakini nusu kilo, mkichanga watu wanne, si mzigo. Bia si lazima. Kisheria, tangu 2010, baa za Kenya siku za kazi zinauza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni. Basi nendeni mchana na soda zenu, na dada zetu waje kwa kundi.

Jirani asiyekujua anasema "wale wakimbizi". Aliyekula na wewe anakuita kwa jina. Siku askari akikusimamisha mtaani, huyo ndiye atasema: "Huyu namjua, ni wa hapa."

Nyinyi mnaonaje?